Krenki Ndefu ya Chelangat

Jumatatu, 3 Machi 2025. Litein

Jua kali, mvua bado. Miaka ishirini na saba nikiwa fundi wa lori za majani ya chai kiwandani, niliandika kila siku kwenye kitabu cha gereji: hali ya hewa, kazi iliyofanyika, kilichovunjika. Huu ni mwaka wa tatu tangu nistaafu na mkono bado unawasha siku ikiisha bila kuandika. Basi nimechukua daftari, maana kazi iliyo mezani si ndogo.

Mezani kuna krenki mbili. Krenki ni kile chuma kilichopindapinda kinachopokea kupanda na kushuka kwa pistoni na kukugeuza kuwa mzunguko. Moja ni fupi: pistoni inasafiri milimita sabini na saba. Nyingine ni ndefu, themanini na tano. Safari hiyo ndiyo tunayoita strok. Tofauti ni milimita nane, haifiki hata upana wa kidole changu kidogo, lakini ndiyo itakayoamua gari la binti yangu litakuwa la namna gani. Fupi huzunguka haraka na kupiga kelele, hupenda mahali palipo tambarare. Ndefu ina nguvu tangu chini, hupanda mlima bila kulalamika. Mimi ni mtu wa mlima na kila mtu kutoka hapa hadi Bomet anajua hivyo.

Binti ni Chelangat, miaka ishirini na sita. Anaendesha otokrosi, yale mashindano ya gari moja moja kwenye uwanja wa vumbi, watu wakishika saa. Mwaka jana alikuwa wa tatu kule Nakuru, na krenki fupi. Hapo alionwa na bwana mmoja anaitwa Gekara, mwenye timu ya magari mawili, na la pili halina dereva. Amesema atamtazama tena tarehe ishirini na nne Mei, kwenye tambarare za miwa karibu na Muhoroni. Nafasi ni moja. Akiikosa atabaki kuchuma majani hapa nyumbani, na sioni mtu mwingine atakayekuja Litein kutafuta dereva.

Yeye anataka krenki fupi ibaki. Nimemwambia tutaona.

Jumatano, 5 Machi

Jua. Nimefua vyuma kwa dizeli. Mgongo.

Ijumaa, 7 Machi

Kepher amekuja kutoka Kericho na vipimo vyake. Kepher Omollo ni mchonga vyuma, kwao ni Ahero huko chini karibu na ziwa, lakini tumefanya kazi pamoja tangu yeye akiwa kijana mwembamba wa kiwandani. Leo ana kitambi na bado anaongea polepole kana kwamba maneno yanauzwa.

Amepima krenki ndefu, akaiweka chini, akasema, "Mzee, hii ni ya kuvuta majani. Chela haendi kuvuta majani."

Nikamwambia huku juu hewa ni nyembamba, injini inapumua kidogo, kwa hivyo lazima uipe strok ndefu irudishe nguvu iliyoibiwa na mlima. Hilo nimewafundisha vijana kumi na zaidi.

"Ni kweli," akasema. "Lakini mashindano iko huko kwetu. Si hapa."

Nimecheka. Gari ni gari.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza. Imeshuka saa nane mchana bila hodi na kulowesha nguo zote za Rodah kwenye kamba. Mke wangu amenilaumu mimi, kama kawaida.

Jumanne, 18 Machi

Nilifanya mtihani wa magunia leo, na afadhali ningelala.

Kila injini niliyowahi kujenga nimeipima kwa njia moja. Napakia magunia saba ya majani mabichi ndani ya gari, nashuka hadi mtoni, kisha napanda mlima hadi kituo cha kununulia majani. Ikipanda kwa gia ya tatu mwanzo hadi mwisho, imepita. Ikiomba gia ya pili, narudi mezani. Wakulima wanaujua mtihani huu, na siku ya kuufanya hukaa kwenye mabenchi ya kituo kunisubiri.

Krenki fupi nilikuwa nimeirudisha ndani ya injini kwa ajili ya mtihani; tulipanda nayo, Chelangat akiendesha. Pale kwenye kona ya matope gari likatetemeka, akaingiza gia ya pili. Tulipofika juu, watu walikuwa wameshaanza. "Fundi, umezeeka pamoja na injini?" Mwingine akauliza kama tumesahau magunia mawili ya mawe ndani. Walicheka mpaka karani wa mizani akaacha kupima.

Chelangat naye alicheka. Akasema, "Baba, hii si gari ya kubeba majani." Mimi sikucheka. Nilishusha magunia yangu mwenyewe, moja moja, mvuani.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua siku ya kumi mfululizo. Nimeamua. Krenki ndefu.

Nilimwita Chelangat gerejini nikamweleza kwa utaratibu: nguvu za chini, kona, kutoka haraka kwenye mstari. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Akaniuliza swali moja tu: "Na juu je, Baba? Nikitaka kuikanyaga mpaka mwisho?" Nikamjibu hatakuwa na haja ya kuikanyaga mpaka mwisho.

Akasema, "Sawa, Baba."

Ni mtoto mwenye heshima. Nimefurahi kwamba ameelewa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ya mawe. Majani ya shamba la juu yametobolewa yote, yamebaki kama nguo iliyoliwa na nondo. Rodah amesimama mlangoni akiyatazama. Wiki tatu hatutachuma huko.

Jumatatu, 7 Aprili

Krenki imeingia kwenye bloku, ule mwili wa injini. Inazunguka kwa kidole kimoja. Kazi nzuri ya Kepher, lazima niseme.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumegombana na Kepher, na ugomvi wenyewe haukuwa mdogo.

Strok ikirefuka, pistoni inavuta hewa zaidi, na hewa hiyo yote inaenda kubanwa kwenye chumba kilekile kidogo juu. Zamani injini hii ilibana kumi kwa moja. Sasa inabana kumi na moja. Kepher alitaka anipunguzie vichwa vya pistoni kidogo, au niweke gasketi, kile kizibo chembamba cha juu ya bloku, iliyo nene zaidi, ili irudi kumi. Nikakataa. Kubana huko ndiko kunakoipa uhai huku milimani. Zaidi ya hayo nilikuwa nimeshasogeza taiming mbele, cheche iwake mapema, jinsi sisi wote wa huku tunavyofanya bila hata kufikiri.

Kepher akaweka chini kikombe cha chai. "Mzee, nisikize. Huko chini hewa ni nzito. Itaingia nyingi. Na joto ya huko haichezi na injini. Petroli itajilipukia yenyewe kabla ya cheche. Itagonga, itakula pistoni. Nimeona huko kwetu gari za watu wa juu zikifa hivyo."

Nikamwambia watu wa chini wanaogopa injini kwa sababu hawana milima ya kuzifundisha kazi. Nikamwambia na yeye ni mmoja wao, hata baada ya miaka yote aliyokula ugali wa Kericho.

Alifunga sanduku lake. Pale mlangoni alisema, "Ongea na Chela," akaenda. Akili yake ni ya kupima, si ya kujenga. Siku zote nimelijua hilo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani, mvua juu ya mabati, mhubiri hakusikika. Tumekula kuku. Kepher hakuja, na hajawahi kukosa Pasaka kwetu.

Jumatano, 30 Aprili

Injini imewaka kwa mara ya kwanza. Sauti nzito, ya kifua. Nilisimama nikaisikiliza mpaka Rodah akaniita mara tatu kwa chakula.

Jumanne, 6 Mei

Mtihani wa magunia. Saba. Kutoka mtoni hadi kituoni kwa gia ya tatu, na kwenye kona ya matope gari likavuta kama halina kitu. Niliwaambia waongeze la nane. Likapanda tena.

Wale wale wa mabenchi wakasimama. Mmoja akanishika mkono kwa mikono miwili. "Fundi wa strok," wakaniita. Karani wa mizani akapiga makofi. Nimeandika hapa kwa sababu nataka kukumbuka siku hii.

Chelangat alikuwa amekaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Nikamuuliza, "Umeona?" Akasema, "Nimeona, Baba." Halafu akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Si tuishushe Muhoroni siku moja tuijaribu huko? Hata asubuhi tu?"

Nikamwambia barabara imeharibika na mvua, na injini iliyopanda mlima huu haina la kuthibitisha kwenye uwanja wa miwa. Hakuuliza tena.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Rodah anasema, "Baba Chelangat, mtoto hali. Unaona vile anarudisha sahani?" Nimemjibu ni hofu ya mashindano. Rodah ameniangalia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Nimekaza nati zote mara ya pili.

Jumapili, 25 Mei

Jana sikuandika. Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kujidanganya, na nimeona jinsi kazi hiyo ilivyo rahisi.

Tulishuka alfajiri. Kila kilomita joto liliongezeka, na tulipofika kwenye miwa nilikuwa nimevua koti, sweta na kofia. Huko mvua ilikuwa imekatika siku nyingi. Vumbi jekundu, anga jeupe. Watu wengi. Gekara alikuja kutusalimia, mtu mfupi mpole, saa mbili mkononi, moja ya kawaida na moja ya kupimia. Akaniambia, "Mzee, nimesikia habari ya injini yako mpaka Chepseon." Nilijisikia mrefu.

Raundi tatu. Ya kwanza Chelangat alitoka kwenye mstari kama amesukumwa. Wa pili kwa muda! Gekara aliandika kitu. Nilimkimbilia binti yangu nikamuuliza, "Vipi?" Jasho lilikuwa linamtoka chini ya helmeti. Akaniangalia, akaangalia boneti, akasema, "Iko sawa, Baba."

Raundi ya pili, wa pili tena. Alikuwa nyuma ya wa kwanza kwa kitu ambacho hata jicho haliwezi kukiona. Nilianza kuwaza jinsi nitakavyowaeleza watu wa kituoni.

Raundi ya tatu alipita mbele yetu kwenye sehemu iliyonyooka. Kisha ikasikika sauti moja, kavu, nami nikajua kabla ya moshi. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa bloku. Mafuta yalimwagika kwenye matairi, gari likageuka mara mbili na kuingia ndani ya miwa. Sijui nilikimbiaje. Nilipofika alikuwa ameshatoka, amesimama kando, anavua glavu kidole kwa kidole. Hakuumia hata mahali pamoja. Nashukuru kwa hilo na nitashukuru mpaka nife.

Watu wakajaa. Gekara akafika, anahema. Akauliza, "Ni nini imetokea?"

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Lakini Chelangat alinitangulia. Mbele ya watu wote akasema, "Ni mimi. Nimekosa gia. Nilikuwa natafuta ya nne, nikaingiza ya pili, injini ikazunguka kupita kiasi."

Gekara akamtazama, akanitazama. "Ni hivyo, Mzee?"

Nikasema, "Kama dereva amesema."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Jumatatu, 26 Mei

Nimefungua injini.

Dereva akikosa gia namna ile, vali hugonga vichwa vya pistoni na kuacha alama kama za kucha. Hakuna alama. Vali zimenyooka zote. Badala yake kingo za pistoni zimeliwa, zimemeguka, chuma kimeyeyuka kidogo kidogo na beringi zimepondeka. Injini imegonga mpaka ikafa. Hewa nzito, joto, kubana kwa kumi na moja, cheche ya mapema. Kila kitu alichosema Kepher, kwa mpangilio aliousema.

Hakukosa gia. Aliniokoa mimi.

Jumanne, 27 Mei

Nimeenda Kericho kwa Kepher na pistoni moja ndani ya gazeti. Aliigeuza kwenye mwangaza. Nilitaka aseme, "Nilikuambia." Ingenisaidia. Hakusema. Niliomba msamaha kwa yale maneno ya watu wa chini, akatikisa kichwa kana kwamba ni nzi.

"Huyo mtu wa timu anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Mpigie leo, Mzee. Usilale nayo."

Nilisema nitampigia.

Alhamisi, 29 Mei

Gekara ndiye aliyenipigia. Saa tano asubuhi, nikiwa nimesimama kando ya ile bloku iliyotoboka.

Akasema, "Mzee, mimi nakuamini wewe kwa sababu ni fundi. Niambie ukweli. Ni dereva ama ni injini? Kama ni injini, mimi nitamchukua hata kesho, maana injini nitampa mimi. Lakini kama anakosa gia akiwa na presha, siwezi. Nataka kupeleka jina Jumamosi."

Pistoni zote nne zilikuwa mezani mbele yangu.

Nikasema, "Bado sijafungua."

Akasema, "Basi ukifungua unipigie."

Nimejaribu kutafuta sababu nzuri ya jibu lile. Si uongo wa kumkinga mtu. Niliwaza mabenchi ya kituo. Niliwaza karani akipiga makofi. Ni hayo tu. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, na ni hayo tu.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua. Nilishika simu mara nne.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua. Sikupiga.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya ibada wanaume tulisimama chini ya mabati ya kanisa tukingoja mvua ipungue. Mzee mmoja wa kanisa akanipiga begani. "Pole, fundi. Injini nzuri namna hiyo, halafu msichana anakosa gia. Hawa wasichana wetu, gia ni mbili tu wanajua!" Wote wakacheka.

Nami nikacheka. Si kwa nguvu, lakini nilicheka. Nilipogeuka, Chelangat alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli, amekuja kunichukua ili nisinyeshewe. Akanifunika mpaka nyumbani. Njiani aliniuliza kama nataka chai ama uji.

Jumatatu, 2 Juni

Saa mbili asubuhi nimempigia Gekara. Nimemwambia yote: strok, kubana, taiming, Kepher, pistoni, na kwamba injini ilikuwa imeshafunguliwa alipopiga. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kusimama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, nilipeleka jina Jumamosi. Ni kijana wa Eldoret."

Nikamuuliza kuhusu mwaka ujao. Akasema mwaka ujao ni mbali. Hakunitukana. Akasema tu, "Ningekuwa na msichana kama huyo, ningepiga simu," akakata.

Nimeenda moja kwa moja mpaka kituo cha majani, watu wakiwa kwenye foleni ya mizani, na nimewaambia kwamba injini ya Chelangat iliuawa na mimi. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema pole. Wengine waliangalia magunia yao. Nilifikiri nitahisi wepesi.

Jumanne, 3 Juni

Mvua. Sijamwambia Chelangat.

Jumatano, 4 Juni

Manyunyu tangu asubuhi, ukungu mpaka magotini. Nimechukua kikapu na kumfuata Chelangat kwenye shamba la juu, lile lililopigwa na mawe; majani yamerudi. Tulichuma sambamba, yeye mstari wake, mimi wangu. Ana mikono ya haraka kuliko mama yake.

Nilimwambia nikiwa nimeangalia majani. Kwamba niliona pistoni siku ya pili. Kwamba Gekara alipiga na nikamdanganya. Kwamba nafasi ilikuwepo, ilikuwa yake, mpaka Jumamosi jioni.

Mikono yake ilisimama. Hilo la simu alikuwa halijui. Nililiona likimwingia, likashuka polepole mpaka mahali, na uso wake ukawa wa mtu ambaye simfahamu. Kisha akaanza kuchuma tena.

Nikasema, "Kwa nini ulisema umekosa gia? Hukukosa."

"Watu walikuwa wanakuangalia, Baba."

Tukachuma. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Ilikuwa inagonga tangu raundi ya kwanza. Kama mawe ndani ya mkebe. Nilisikia kwa miguu."

"Raundi ya kwanza? Nilikuuliza! Nilikuja mpaka dirishani nikakuuliza vipi. Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo alipogeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja.

"Ningekuambia, ungesema nini?"

Alingoja jibu. Aliningoja kweli, majani mkononi, mvua ikimtiririka usoni. Kisha akainamisha kichwa akaendelea na mstari wake hadi mwisho wa shamba.

Jibu ninalo, nalo ni hili. Ningemwambia hiyo ni sauti ya strok ndefu, azoee. Kisha ningemfungia mlango kwa mkono wangu na kumrudisha uwanjani.